Kipimo cha damu kabla ya kunyunyizia: hesabu ambayo mkulima wa Kanda ya Kati hajaifungua

MKULIMA wa nyanya au mtama anayejiandaa na msimu katika mikoa ya Dodoma na Singida hupiga hesabu ya mbegu, mbolea, dawa ya wadudu, bomba la kunyunyizia na ujira wa vibarua. Kila kimoja kina bei yake, na wengi huziandika bei hizo hata kama ni kwenye kurasa za mwisho za daftari la mtoto wa shule.

Ipo gharama moja isiyoingia katika daftari hilo. Ni ile inayolipwa na mwili wa mtu anayebeba bomba mgongoni, na wakati mwingine mwili wa mtu anayekula kilichonyunyiziwa. Gharama hiyo inapimika. Maabara inaweza kuisoma katika tone la damu ya mnyunyiziaji, au katika ubongo wa ndege aliyekufa, na kueleza kwa asilimia kiasi ambacho sumu imekwishachukua.

Suala hili limepata uzito mpya baada ya mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam uliofanyika Geneva, Uswisi, kati ya Aprili na Mei 2025. Mkutano huo ulikubali kuiingiza katika orodha ya mkataba sumu ya fenthioni ya kunyunyizia kwa matone madogo sana, yenye gramu 640 au zaidi za kiambato chenye sumu katika kila lita. Pendekezo hilo lilitoka nchini Chad na lilikuwa likikwama katika mkutano mmoja baada ya mwingine tangu 2015.

Kwa wakulima wa uwanda wa kati habari hiyo si ya mbali. Fenthioni ndiyo sumu ambayo kwa miaka mingi imetumika Afrika kuwaua kwelea kwelea, ndege wanaovamia mtama, uwele na mpunga.

Si marufuku, ni taarifa

Kwanza ieleweke kwamba kuingizwa katika orodha ya Rotterdam si kupigwa marufuku. Mkataba huo, ambao ulipitishwa 1998 na kuanza kutumika 2004, unamtaka anayeuza sumu nje ya nchi yake apate kwanza ridhaa ya nchi inayonunua. Tanzania, ikiwa mwanachama, inapaswa kutoa jibu lake: inakubali kuingiza, inakataa, au inakubali kwa masharti.

Jibu hilo halipaswi kutolewa kwa kubahatisha. Kwelea kwelea mmoja ana uzito usiozidi gramu 20 hivi, lakini hula takriban gramu 10 za mbegu kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, ambalo kwa kwelea kwelea si kundi la ajabu, likitua kwenye mashamba linaweza kula tani 10 kwa siku moja. Hayo ni magunia 100 ya kilo 100 kila gunia. Kwa kaya yenye ekari mbili za mtama katika Bahi au Manyoni, siku tatu za ndege hao zinatosha kumaliza chakula cha mwaka.

Kwa hiyo anayesema sumu iachwe mara moja anatakiwa aeleze mtama utalindwa na nani. Naye anayesema iendelee kama zamani anatakiwa aeleze ni nani analipa gharama ambazo hazionekani kwenye ankara ya sumu. Pande zote mbili zinahitaji takwimu, na sehemu kubwa ya takwimu hizo hutoka katika maabara.

Jinsi sumu inavyofanya kazi

Fenthioni ni ya kundi la oganofosfeti, na asili yake ni dawa ya kuulia wadudu. Katika kundi hilo zimo pia profenofosi, daimethoeti na klorpairifosi, majina ambayo wakulima wa mbogamboga wamezoea kuyasoma kwenye lebo. Klorpairifosi nayo iliingizwa mwaka huo huo wa 2025 katika Mkataba wa Stockholm, ambao huondoa sumu sokoni, ingawa kwa kuruhusu baadhi ya matumizi kwa muda.

Mwilini mwa mtu, mnyama, ndege na mdudu kuna kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi. Kazi yake ni kuzima ujumbe baada ya mshipa wa fahamu kuupeleka kwenye msuli. Mshipa ukishatoa amri ya kukunja mkono, kolinesterasi hufuta amri hiyo ili msuli upumzike.

Oganofosfeti huking'ang'ania kimeng'enya hicho na kukizuia kufanya kazi. Amri zinaendelea kurundikana bila kufutwa. Mtu hutokwa jasho na mate kwa wingi, macho huona ukungu, tumbo husokota, misuli hutetemeka, na hali ikiwa mbaya pumzi hushindwa. Mdudu hufa kwa njia hiyo hiyo. Tofauti ni kiasi tu.

Sumu za kundi la kabameti hufanya vivyo hivyo, isipokuwa zenyewe hukiachia kimeng'enya mapema zaidi, mara nyingi ndani ya saa chache.

Hapo ndipo maabara inapoingia. Badala ya kuitafuta sumu yenyewe, ambayo huvunjwa na mwili na kutoweka, mpimaji hupima ni kiasi gani cha kolinesterasi bado kinafanya kazi. Kipimo kinaweza kufanywa kwenye chembe nyekundu za damu, kwenye maji ya damu, au kwa mnyama aliyekufa, kwenye ubongo. Vipo vifaa vidogo vya kubebeka vinavyotumia tone la damu ya kidoleni na kutoa jibu kwa takriban dakika nne.

Kilichopimwa kwenye ndege

Kazi ya namna hiyo imefanyika hapa nchini. Watafiti wakiongozwa na Robert Cheke wa Uingereza walichukua damu ya ndege kabla na baada ya operesheni za kunyunyizia fenthioni katika Tanzania na Botswana, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012.

Walipima kwelea kwelea waliokusudiwa kuuawa, na pia ndege wengine ambao hawakukusudiwa bali walikutwa karibu. Kolinesterasi ya aina moja ilishuka kwa hadi asilimia 83, na ya aina nyingine kwa hadi asilimia 87, ikilinganishwa na hali ya kawaida. Kushuka huko kulionekana katika makundi yote mawili ya ndege.

Kwa mkulima maana yake ni kwamba sumu iliyonyunyiziwa jioni juu ya vichaka ambako kwelea kwelea hulala haichagui. Inawagusa pia ndege wanaokula viwavi na panzi, ambao kwa mwenye shamba ni vibarua wasiolipwa. Mwewe na bundi wanaookota ndege walioleweshwa na sumu nao huipata kupitia mawindo yao, na wakipungua panya wa ghalani hupata nafuu.

Jambo la pili la kuzingatia ni namna watafiti walivyofanya kazi. Walipima kabla, kisha wakapima baada. Walibaini kwamba viwango vya kawaida hutofautiana kwa aina ya ndege, umri, jinsia na hata uzito. Bila vipimo vya kabla, takwimu za baada zisingekuwa na maana kubwa. Jambo hilo ndilo linalomhusu zaidi binadamu, kama itakavyoonekana hapa chini.

Ndege walioko sokoni

Wilayani Kondoa kwelea kwelea si adui tu, ni kitoweo pia. Wategaji hutumia mitego ya vikapu iliyosukwa kwa nyasi, na ndege hunyonyolewa, hupikwa au hukaangwa, kisha huanikwa na kuuzwa. Wataalamu, akiwamo Boaz Mtobesya wa Tanzania, wameandika kuhusu utegaji huo na kuupendekeza kama njia mbadala ya kupunguza ndege huku ukiwapa watu protini na kipato.

Tatizo ni kwamba ndege aliyetegwa na ndege aliyeokotwa chini ya mti ulionyunyiziwa jana wakishanyonyolewa hufanana. Mnunuzi hawezi kuwatofautisha kwa jicho wala kwa pua, na kuwakaanga au kuwaanika si njia ya kutegemea katika kuondoa sumu. Fenthioni huhifadhiwa katika mafuta ya mwili, na dalili zake kwa mtu zinaweza kuchelewa kujitokeza na kuchukua muda mrefu kuisha.

Wanauchumi wanaifahamu hali hiyo. Mnunuzi asipoweza kutofautisha bidhaa njema na mbovu, hulipa bei ya mashaka kwa zote mbili. Mtegaji mwaminifu, aliyekesha na mtego wake, hulipwa sawa na aliyepita asubuhi na gunia kuokota mizoga. Uvumi mmoja wa mtu kuugua ukisambaa mnadani, wote wawili hukosa soko.

Maabara inaweza kumaliza ubishi huo. Tangu 1975 wataalamu wa Marekani wameweka kanuni ambayo bado inatumika: kolinesterasi ya ubongo wa ndege ikiwa imeshuka kwa asilimia 20 au zaidi chini ya kawaida, ndege huyo alikutana na sumu ya kundi hilo; ikiwa imeshuka kwa asilimia 50 au zaidi kwa ndege aliyekutwa amekufa, sumu hiyo huhesabiwa kuwa ndiyo iliyomuua. Sharti ni kwamba sampuli iwekwe kwenye barafu mapema, kwa kuwa joto la mchana huharibu kimeng'enya na kupotosha jibu.

Haiwezekani kupima kila gunia. Kinachowezekana ni ofisi ya kijiji kutangaza na kubandika ubaoni tarehe na mahali palipopuliziwa sumu, na wafanyabiashara kukataa mzigo unaotoka eneo hilo. Kipimo cha ndege wachache kwa kushtukiza kinatosha kumfanya muokota mizoga afikirie mara mbili.

Malaria isiyopona

Kwa upande wa watu, uzoefu wa Tanzania ulioandikwa vizuri zaidi unatoka Kanda ya Kaskazini, ambako kilimo cha mboga kilianza kutumia dawa nyingi mapema. Utafiti wa Aiwerasia Ngowi na wenzake uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba asilimia 68 ya wakulima wadogo wa mbogamboga waliohojiwa walisema wamewahi kujisikia vibaya baada ya kunyunyizia kwa kawaida tu, si kwa ajali. Ngozi, kizunguzungu na maumivu ya kichwa ndiyo yaliyotajwa. Theluthi moja walichanganya dawa zaidi ya moja katika bomba moja, na asilimia 59 ya dawa zilizotumika zilikuwa za kuulia wadudu.

Mkulima wa nyanya wa Mpwapwa au wa vitunguu wa Iramba anaweza kuyatambua maelezo hayo bila kufika Arusha. Dawa zinazouzwa ni zile zile, mabomba ni yale yale, na jua la Dodoma linafanya mavazi ya kinga kuwa mateso.

Tatizo ni dalili zenyewe. Kichwa kuuma, jasho, kichefuchefu na mwili kulegea ni dalili ambazo kijijini zina jina moja, malaria. Mnyunyiziaji hununua dawa ya malaria dukani, hulala siku mbili, hupata nafuu kwa sababu ametoka shambani, kisha hurudi kwenye bomba. Wiki inayofuata anaumwa tena, na wenzake husema malaria yake ni sugu.

Kolinesterasi ya chembe nyekundu hurudi polepole, kwa takriban asilimia moja kwa siku, kwa kuwa mwili hungoja chembe mpya zitengenezwe. Anayenyunyizia kila wiki hushuka ngazi kabla hajamaliza kupanda ile ya awali. Anaweza kujisikia mzima ilhali akiba yake imebaki ndogo, na siku moja kiasi kidogo cha sumu ambacho zamani kisingemtikisa kinamwangusha.

Kwa nini kabla ya msimu

Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakiwamo baadhi ya waajiri wakubwa. Hudhani inatosha kumpeleka mtu maabara baada ya kuugua. Kiwango cha kawaida cha kolinesterasi hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na ile ya maji ya damu hushushwa pia na ugonjwa wa ini, ujauzito na lishe duni. Upungufu wa damu nao unaweza kupotosha jibu la chembe nyekundu usipozingatiwa.

Tuseme maabara inahesabu kati ya 25 na 50 kuwa kawaida. Wanyunyiziaji wawili wanapimwa katikati ya msimu na wote wanapata 28. Wa kwanza alizaliwa na kiwango cha 29, hivyo hana tatizo. Wa pili alikuwa na 45 kabla ya msimu, na amekwishapoteza zaidi ya theluthi moja. Karatasi zao za majibu zinasema neno moja, kawaida. Mmoja wao anatakiwa aondolewe shambani siku hiyo hiyo.

Mfanyabiashara ataelewa haraka. Hakuna anayeweza kujua duka limeibiwa kiasi gani kama hakuhesabu mzigo wakati anafungua. Kipimo cha kabla ya msimu ndiyo hesabu ya kufungulia.

Jimbo la California nchini Marekani limekuwa na utaratibu huo tangu 1974. Mfanyakazi anayeshughulika mara kwa mara na oganofosfeti au kabameti zenye sumu kali hupimwa kwanza akiwa amekaa angalau siku 30 bila kuzigusa. Kolinesterasi ikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango chake, mwajiri hutakiwa kuchunguza namna kazi inavyofanywa. Ile ya chembe nyekundu ikifika asilimia 70 au chini, au ya maji ya damu ikifika asilimia 60 au chini, mtu huondolewa kwenye kazi ya sumu mpaka arudi asilimia 80. Jimbo la Washington lilifuata utaratibu wa namna hiyo 2004.

Kanuni hizo hazihitaji utajiri wa Marekani kueleweka. Zinahitaji kalamu, kadi na kipimo cha kwanza.

Mipaka ya kipimo

Hata hivyo, kipimo hiki si cha kila dawa, na anayekiuza kama tiba ya mashaka yote anadanganya. Dawa za kundi la pairethroidi, kama saipamethrini na lambda-sihalothrini, hazigusi kolinesterasi. Vivyo hivyo imidaklopridi. Anayetumia hizo tu atapimwa na kuambiwa yuko sawa hata kama ngozi inawaka. Mabaki ya dawa hizo hutafutwa katika mkojo, kwa mashine za gharama kubwa zaidi.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, ambaye vita vyake vikubwa ni dhidi ya ukungu na ambaye hutumia salfa na shaba, naye hana sababu ya kukimbilia kipimo hiki kwa ajili ya dawa hizo. Mankozebu, licha ya jina la kundi lake kufanana na kabameti, nayo si ya kuzuia kolinesterasi. Zina madhara yake na kinga yake, lakini hayasomwi hapa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama: kusoma kwenye lebo jina la kiambato, si jina la biashara. Anayenunua dawa iliyopunguzwa kwenye chupa ya soda hawezi kulijua jina hilo, na siku akifikishwa zahanati akiwa anatokwa povu, tabibu hawezi kulijua pia. Oganofosfeti hutibiwa kwa atropini, na matibabu hayo hayatakiwi kusubiri jibu la maabara. Lebo ndiyo inayookoa dakika.

Rangi iliyo chini ya lebo nayo inatoka maabara. Nyekundu, njano, bluu na kijani hupangwa hasa kwa kuangalia kiasi cha sumu kinachoua nusu ya panya waliojaribiwa kwa mara moja. Rangi hiyo haielezi kitakachompata mtu anayepokea kiasi kidogo mara 20 katika msimu. Fenthioni yenyewe Shirika la Afya Duniani huiweka katika daraja la pili, la njano, ilhali kwa ndege ni sumu kali mno.

Nani alipe

Sasa swali la mfukoni. Kwa mfano tu, tuchukue kikundi cha wanyunyiziaji 20 wanaokubaliana na maabara kupimwa kwa Sh15,000 kila kipimo. Kila mmoja anapimwa mara tatu, yaani mara moja kabla ya msimu na mara mbili katikati. Gharama ni Sh45,000 kwa mtu. Kama ujira wa siku ni Sh10,000, hiyo ni thamani ya siku nne na nusu za kazi.

Swali linakuwa: je, sumu inamgharimu mnyunyiziaji zaidi ya siku nne na nusu kwa msimu, ukijumlisha siku za kulala, nauli ya zahanati na dawa za malaria asiyokuwa nayo? Kila kikundi kiweke bei za kwake na kupata jibu lake. Kwa wanaonyunyizia mara moja au mbili kwa mwaka, jibu linaweza kuwa hapana. Kwa kijana anayeishi kwa kukodishwa na bomba lake, shamba hadi shamba, kuanzia Januari hadi Aprili na tena kwenye bustani za umwagiliaji, jibu linaelekea kuwa ndiyo.

Tatizo ni kwamba anayeumia siye anayeamua. Mwenye shamba huchagua dawa, akiangalia bei na kasi ya kuua. Kibarua mara nyingi hulipwa kwa idadi ya mabomba, hivyo anayevaa glovu na kusubiri upepo utulie hupata fedha kidogo kuliko anayekimbia. Akiugua, mwenye shamba huita mwingine. Soko likiachwa lijiendeshe halitanunua kipimo, kwa kuwa hasara iko kwa mmoja na uamuzi uko kwa mwingine.

Kwa walioajiriwa, sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi baada ya hapo. Mashamba makubwa hayana kisingizio. Lakini mkulima mdogo na kibarua wake hawana mkataba wala faili, na ndio wengi katika uwanda wa kati.

Vyama vya ushirika na vikundi vya umwagiliaji vinaweza kuziba pengo hilo kwa kukata kiasi kidogo kwenye mauzo, kama vinavyokata ushuru mwingine. Wauzaji wa pembejeo nao wana maslahi: mteja aliyelazwa hanunui dawa.

Funzo la 2016

Kanda ya Kati ina sababu ya pekee ya kuiamini maabara. Katikati ya 2016 watu katika vijiji vya Chemba, Kondoa na Kiteto waliugua ugonjwa ulioanza bila kueleweka: macho ya manjano, kutapika, tumbo kujaa. Waliorekodiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Ni vipimo vya damu na vya mahindi vilivyothibitisha kwamba chanzo ni sumukuvu, inayotokana na ukungu wa nafaka.

Sumukuvu si dawa ya wadudu, na matukio hayo hayana uhusiano na unyunyiziaji. Funzo lake ni kwamba sumu mbili tofauti zinaweza kuleta mgonjwa mmoja mlangoni, na kwamba bila maabara kijiji hubaki na uvumi, huku chakula au dawa inayohusika ikiendelea kutumika.

Taasisi za kufanya kazi hiyo zipo. Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao Arusha, ambayo ilirithi kazi za taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyokuwapo kwa sheria ya 1979. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inayochunguza sumu, makao yake makuu sasa yapo Dodoma. Kilichokosekana ni kamba inayounganisha maabara hizo na zahanati ya kijiji.

Kamba hiyo si ndefu. Timu moja yenye vifaa vya kubebeka, ikizunguka wilayani kabla ya mvua kuanza Novemba au Desemba, inaweza kuwapima wanyunyiziaji wa kukodishwa na kuwaachia kadi zenye viwango vyao. Kwa wale wa bustani za umwagiliaji, ambao hunyunyizia hata kiangazi, itafutwe mwezi wanaopumzika. Maofisa ugani wanaosimamia upuliziaji wa kwelea kwelea wapimwe wa kwanza, kwa kuwa wao ndio walio karibu zaidi na fenthioni.

Takwimu zitakazopatikana zitakuwa na matumizi ya pili. Serikali itakapopaswa kutoa jibu lake kuhusu fenthioni, itakuwa na ushahidi wa Manyoni na Kondoa, na si wa Chad peke yake. Na hata kama sumu hiyo itabadilishwa, zipo nyingine za kundi lile lile zinazosubiri kushika nafasi yake. Kadi ya damu itafaa kwa zote.

Wafanyabiashara wa Dodoma hupenda kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Anayebeba bomba mgongoni ana mali moja tu anayoingia nayo shambani kila asubuhi, na msimu ujao haujaanza. Bado kuna muda wa kuandika mstari wa kwanza.